Mshale wa Oili Ukishuka, Pima Kwanza



Kila mkulima wa karafuu aijua habari ya mizani. Gunia ulilolipima nyumbani likawa kilo 50, ukilifikisha kituoni likaonyesha kilo 45, huwezi kusema papo hapo kwamba karafuu zimeibwa njiani, wala huwezi kusema kwamba mizani ya kituo ni mbovu. Mwenye busara hutafuta mizani ya tatu. Gunia likishapimwa mara ya tatu ndipo ugomvi huisha, ama ndipo huanza kwa haki.

Somo letu la safari hii ni juu ya mizani nyingine, ndogo, iliyo mbele ya macho ya dereva. Nayo ni geji ya oili. Wengi katika sisi twategemea magari ya zamani kutoa karafuu mbichi mashambani, na magari hayo yana geji na taa zilizozeeka pamoja nayo. Mshale wa oili ukianguka, watu wetu hufanya moja katika makosa mawili. Wengine husema, "Injini imekufa," wakaifungua. Wengine husema, "Hiyo ni geji tu," wakaendelea na safari. Kosa la kwanza hula fedha za msimu mzima, na kosa la pili hula injini yenyewe. Twataka kuonyesha njia iliyo baina ya hayo mawili.

YALIYOTUPATA SISI

Msimu uliopita gari la Chama, nalo ni Land Rover ya Series III, lilikuwa likipanda kilima na magunia 12 ya karafuu mbichi. Dereva akatazama geji, akaona mshale ambao siku zote husimama katikati umelala kwenye sufuri. Akazima injini palepale, akaliacha gari lisimame kando ya njia. Hapo alifanya vema, na twamshukuru.

Jua lilikuwa likishuka na mvua ikinyemelea. Wote mwajua kwamba karafuu mbichi haziwezi kulala ndani ya magunia. Hupata joto, huvunda, na rangi yake nzuri hupotea hata ukizianika siku kumi. Basi tukaazima gari la jirani, tukahamisha magunia, na la Chama tukalivuta mpaka nyumbani usiku.

Asubuhi akaja fundi. Akawasha injini kwa muda mfupi, akautazama mshale, akatikisa kichwa. Akasema beringi za krenki zimekwisha, injini haina budi kushushwa na kufunguliwa. Bei aliyoitaja ilikaribia akiba yote tuliyoiweka kwa majamvi mapya na malipo ya wachumaji. Mweka hazina wetu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akamwuliza, "Fundi, hatukukatalii. Lakini presha umeipima kwa kitu gani?"

Fundi akajibu, "Mshale si huo mnauona, mzee?"

Mweka hazina akasema, "Huo ndio tunaoutilia shaka. Tupatie mwingine."

Fundi hakukasirika. Alikwenda kuitafuta geji ya mkono, na yaliyotokea tutayaeleza mbele. Kwanza yafaa tujue kile kinachopimwa.

PRESHA YA OILI NI NINI

Chini ya injini mna bakuli liitwalo sampu, na humo ndimo oili hukaa. Pampu huinyonya oili kupitia chekecheke, huisukuma katika filta, kisha katika vijia vilivyotobolewa ndani ya chuma mpaka kwenye beringi za krenki, mikono ya pistoni, kemshafti na roka za juu. Baina ya krenki na beringi zake pana nafasi nyembamba kuliko unywele wa mtu. Nafasi hiyo hujazwa oili, na krenki huelea juu ya oili hiyo bila ya chuma kugusa chuma.

Pampu kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha huja kwa sababu oili hupata taabu kupita mahali pembamba. Fikirini mpira wa kumwagilia maji. Ukiubana mdomo kwa kidole, maji huruka mbali, na ukikiachia kidole, maji hutoka kwa ulegevu, ijapokuwa bomba ni lilelile. Beringi zilizolika ni sawa na kidole kilichoachia. Ndiyo maana fundi akiona presha imeshuka hukimbilia kusema beringi. Lakini beringi ni sababu moja tu katika nyingi, na ndiyo iliyo ghali kuliko zote. Haifai kuwa ya kwanza kutazamwa.

Presha hubadilika pia kwa joto na mwendo. Oili baridi ni nzito, kwa hiyo asubuhi mshale hupanda juu. Injini ikipata moto, oili huwa nyepesi na mshale hushuka kidogo kidogo. Ukikanyaga mafuta hupanda, na ukiachia hushuka. Mshale unaofuata desturi hiyo, hata kama husimama chini, huenda unasema kweli. Mshale unaoruka kutoka juu hadi sufuri gari likipita kwenye shimo, ama unaokwenda mwisho mara tu ufunguo unapozungushwa kabla injini haijawaka, huo unasema habari za umeme, si za oili. Presha haiwezi kuwako katika injini isiyozunguka.

MASHAHIDI WATATU

Katika magari ya zamani mna mashahidi wa namna tatu, na kila mmoja ana desturi yake ya kukosea.

Wa kwanza ni taa nyekundu. Taa hii huendeshwa na swichi iliyokazwa katika injini. Presha ikiwa chini mno, swichi huunga waya na chuma cha injini, na taa ikawaka. Katika magari mengi haiwaki mpaka presha iwe chini ya ratili 10 hivi kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo taa iliyozimika haisemi kwamba presha ni nzuri. Husema tu kwamba presha haijafika kuwa mbaya kabisa. Tena taa iliyokufa balbu haitasema lolote mpaka siku ya msiba.

Wa pili ni geji ya umeme. Katika injini hukazwa kidude ambacho mafundi hukiita sensa, na waya mmoja hutoka hapo mpaka kwenye geji. Sensa nyingi za zamani hazina waya wa pili. Umeme hurudi kwa kupitia uzi wa sensa yenyewe uliokazwa katika chuma. Likumbukeni neno hili, kwani litarudi.

Wa tatu ni geji ya bomba, isiyohitaji umeme. Oili yenyewe hupanda kwa kijibomba chembamba mpaka nyuma ya geji, na humo mna mrija bapa uliopindwa. Presha ikiingia, mrija hutaka kujikunjua, kama lifanyavyo jani changa la mgomba, na mshale huzunguka. Mrija huu ulivumbuliwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na mpaka leo ndio unaotumika. Makosa yake ni kijibomba kuziba kwa tope la oili, kupindika, au kuvuja. Kikikatika humwaga oili nje, kwa hiyo kitazamwe mara kwa mara mahali kinapopita penye ukuta wa chuma.

UTARATIBU WA KUPIMA

Fuateni hatua hizi kwa mpango wake. Ya bei ndogo itangulie.

Kwanza, zimeni injini. Mshale ukianguka au taa ikiwaka njiani, msiende hata mpaka kwenye duka linaloonekana mbele. Beringi isiyo na oili huweza kuharibika kwa dakika moja. Sikilizeni kabla ya kuzima: mgongo mzito unaotoka chini ya injini, kama mtu anayepiga kinu kwa mbali, ni dalili mbaya. Ukiusikia, usiliwashe tena gari hilo, bali livutwe.

Pili, pimeni oili kwa kijiti. Gari liwe mahali tambarare, na mngoje dakika chache ili oili ishuke katika sampu. Ikiwa oili haifiki alama ya chini, jazeni na mtafute inapovujia. Tazameni na rangi yake. Oili iliyogeuka nyeupe kama chai ya maziwa imeingiwa na maji. Oili inayonuka petroli, na ambayo imepanda juu ya alama ilhali hakuna aliyeongeza, imeingiwa na petroli, na mara nyingi petroli hiyo hutoka katika ngozi iliyopasuka ya pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini. Oili ya namna hizi mbili haibebi krenki, na geji hapo haina kosa.

Tatu, ijaribuni taa. Zungusheni ufunguo bila ya kuwasha injini. Taa yapasa iwake. Isipowaka, chomoeni waya wake penye swichi, mguseni chuma kisafi cha injini kwa ncha ya waya huo. Ikiwaka hapo, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, tafuteni balbu au waya uliokatika. Ikiwa taa huwaka saa zote, chomoeni waya uleule. Taa ikizimika, waya ni mzima, na aliyebaki kutiliwa shaka ni swichi au presha yenyewe. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi.

Nne, ijaribuni geji ya umeme. Ufunguo ukiwa umefunguliwa, chomoeni waya wa sensa, mtazame mshale. Kisha mguseni chuma kwa ncha ya waya kwa nukta moja tu, kwani ukikawia huenda ukaiunguza geji. Mshale wapasa kwenda mwisho mmoja waya ukiwa nje, na mwisho wa pili waya ukigusa chuma. Upande upi ni upi hutegemea mtengenezaji. Ukienda pande zote mbili, geji na waya ni vizima. Tena angalieni geji za petroli na joto. Zikiwa nazo zimepotea siku ileile, kosa limo katika umeme wa dashibodi na injini haihusiki.

Tano, na hii ndiyo hatua iliyo kubwa, leteni geji ya mkono. Ni geji ya bomba yenye mpira wake, nayo hukazwa mahali pa swichi au pa sensa. Ngojeni injini ipoe kabla ya kufungua, kwa kuwa oili ya moto huunguza. Hakikisheni uzi wa kiungo ni sawa na uzi wa tundu. Magari ya Kiingereza ya zamani na magari ya Kijapani yana nyuzi zinazofanana kwa macho lakini hazilingani, na atakayelazimisha atapasua chuma. Kazeni kwa mkono kwanza, spana baadaye. Upelekeni mpira mbali na feni na bomba la moshi. Kisha washeni injini, mngoje ipate moto sawasawa, msome mara mbili: injini ikizunguka polepole pasipo kukanyagwa mafuta, na tena kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Yaandikeni yote mawili.

Kipimo kizuri ni kile kilichomo katika kitabu cha gari. Kwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25, kitabu husema ratili 35 mpaka 65 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa na moto na gari likienda maili 30 kwa saa katika gea ya juu. Geji zilizoandikwa bari zitaonyesha 2.4 mpaka 4.5. Asiye na kitabu ashike kanuni ya mafundi wengi: ratili 10 kwa kila mizunguko 1,000 ni kiasi cha chini cha injini ya moto. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, haishindi kitabu.

GARI LA CHAMA LILISEMAJE

Sasa twarudi kwetu. Oili ilikuwa katikati ya alama, safi, haina harufu. Taa iliwaka ufunguo ulipozungushwa na ikazimika injini ilipowaka. Kwa hiyo mashahidi wawili walikuwa wakipingana: geji yasema sufuri, na taa yasema si sufuri. Geji ya umeme ilipojaribiwa, mshale ulikwenda pande zote mbili. Fundi alipokaza geji ya mkono na injini kupata moto, ilionyesha ratili 22 polepole, na 46 kwa mizunguko 2,000. Beringi zilizokwisha hazitoi 46.

Iliyobaki ni sensa. Fundi akaifungua, na hapo tukaona aibu. Mwaka uliotangulia sensa ilikuwa ikivuja tone moja moja, nasi wenyewe tuliizungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji kwenye uzi wake. Uvujaji ulikoma. Lakini utepe ule haupitishi umeme, na sensa, kama tulivyosema, hurudisha umeme kwa uzi wake. Kwa muda ilishika kwa ncha mbili tatu za chuma zilizotoboa utepe. Kisha hewa ya bahari ikafanya kazi yake ya kutu, na ncha zile nazo zikaacha. Tukaufuta utepe, tukasugua uzi kwa brashi ya waya, tukatia washa mpya ya shaba. Mshale ukarudi katikati. Gharama yote ilikuwa washa moja na ujira wa fundi wa asubuhi ile, nao tulimlipa kwa furaha.

GEJI IKISEMA KWELI

Mtu asiyasome haya akatoka akisema kila mshale ni mwongo. Mwanachama mmoja, ambaye ametupa ruhusa kulieleza jambo lake bila ya kumtaja, aliona taa ikiwakawaka kwenye vilima. Alikuwa amewahi kubadilisha swichi zamani, basi akaona ni ileile. Wapakizi walipomwuliza, aliibandika karatasi juu ya taa isimuudhi macho. Siku ya tatu injini ilikwama njiani, na mkono wa pistoni ukatoboa bloku. Kijiti kilipotazamwa, oili ilikuwa chini kabisa ya alama. Kila gari lilipopanda, oili kidogo iliyobaki ilikimbilia nyuma, pampu ikanyonya hewa. Taa ilisema kweli siku zote tatu. Gari hilo mpaka leo li chini ya mwembe, na mwenyewe hukodi kila msimu.

Basi geji ya mkono ikithibitisha kwamba presha iko chini, bado msikimbilie beringi. Anzeni kwa kubadilisha oili na filta, kwa uzito ule uliotajwa katika kitabu. Pimeni tena. Ikiwa haijapanda, tazameni vali ya kupunguzia presha. Vali hii hufunguka presha ikizidi, na kipande kidogo cha uchafu huweza kuizuia isifunge, oili ikarudi sampuni bure. Katika Land Rover tuliyoitaja vali imo ndani ya pampu, kwa hiyo sampu hushushwa. Mkishaishusha, safisheni chekecheke ya pampu, pimeni pampu yenyewe, na hapo ndipo mfungue kofia ya beringi moja au mbili mzitazame. Ikiwa zimelika, fundi atawaonyesha kwa macho, na fedha mtakayotoa mtaijua imekwenda wapi.

Onyo moja. Wapo wanaotia oili nzito kupita kiasi ili mshale upande. Mshale hupanda kweli, lakini beringi zimebaki vilevile, na asubuhi oili nzito hukawia kufika juu ya injini. Huko ni kutia jiwe ndani ya gunia ili mizani ipendeze.

YA KUSHIKA

Kila asubuhi ya msimu, kabla ya kupakia, zungusheni ufunguo mhakikishe taa inawaka, kisha tazameni kijiti. Kila mwanzo wa msimu, chomoeni waya za swichi na sensa, zisuguliwe kutu na kupakwa grisi kidogo. Andikeni katika daftari la gari mahali mshale unaposimama injini ikiwa na moto, ili siku utakapohama mjue umehama kutoka wapi.

Baada ya mambo haya Chama kimenunua geji ya mkono pamoja na viungo vya nyuzi za namna nne. Imewekwa ofisini. Mwanachama yeyote aweza kuiazima kwa kutia sahihi katika daftari, na airudishe siku ya pili ikiwa imefutwa oili. Atakayeambiwa kwamba injini yake ifunguliwe kwa sababu ya mshale, twamwomba apite kwetu kwanza kabla hajalipa.